Umbali kati ya Darasa na Wodi: Historia ya Mafunzo ya Mbali na ya Ana kwa Ana kwa Watoa Huduma za Dharura nchini Tanzania, 1957–2025

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya njia mbili za kuwafundisha watoa huduma za afya wanaokabili dharura nchini Tanzania, yaani mafunzo ya ana kwa ana na mafunzo ya mbali, kuanzia enzi ya redio hadi enzi ya simu janja. Hoja yake kuu ni kwamba mjadala wa sasa, unaouliza ni ipi kati ya njia hizo iliyo bora, umejengwa juu ya mgawanyo usiolingana na ushahidi. Kumbukumbu za Hospitali ya Kilutheri ya Haydom baada ya mwaka 2010 zinadokeza kuwa kilichoamua iwapo mafunzo yangeokoa uhai hakikuwa chombo kilichobeba somo. Kilikuwa ni umbali kati ya mahali pa kujifunzia na mahali pa kazi, pamoja na mara ambazo mkono ulirudia kitendo kile kile.

1.0 Utangulizi

Mtoto mchanga asiyelia baada ya kuzaliwa hampi mkunga muda wa kufungua kitabu. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua hawezi kungoja hadi kikao cha kesho, wala majeruhi wa ajali ya barabarani ambaye njia yake ya hewa imeziba hawezi kusubiri mtandao urudi. Hali hii ndiyo inayoitenga elimu ya dharura na elimu nyingine nyingi za afya. Katika tiba ya magonjwa sugu, mtoa huduma anaweza kusoma, kuuliza na kurudi kwa mgonjwa wiki ijayo. Katika dharura, alichokijua jana ndicho atakachokitenda leo, tena mara nyingi akiwa peke yake, usiku, katika kituo chenye watumishi wachache.

Tangu mlipuko wa UVIKO-19 mwaka 2020, swali la namna bora ya kuwaandaa watumishi hao limejadiliwa kwa nguvu mpya. Upande mmoja unasisitiza kuwa stadi za mikono haziwezi kufundishwa kupitia skrini, na kwamba mkufunzi lazima asimame kando ya mwanafunzi. Upande wa pili unajibu kuwa mafunzo ya ana kwa ana ni ghali, huwaondoa wauguzi katika wodi zenye upungufu, na huwafikia wachache walio karibu na miji, ilhali mtandao humfikia hata mhudumu wa zahanati ya kijijini. Pande zote mbili zina hoja za msingi. Hata hivyo, zote zinachukulia kwamba jambo la kuamuliwa ni chombo: ama mkufunzi aliye mbele ya darasa, ama skrini.

Insha hii inalitazama swali hilo kwa jicho la historia. Inaanza na mafunzo ya redio ya miaka ya mwanzo ya uhuru, inapitia asili ya mafunzo ya vitendo katika nchi za nje yalikobuniwa, kisha inaeleza jinsi tiba ya dharura ilivyopata idara yake nchini. Sehemu ndefu zaidi inahusu Haydom, wilayani Mbulu, mkoani Manyara, kwa kuwa huko ndiko dhana ya kuwa mafunzo ya ana kwa ana yanatosha ilikopimwa kwa uangalifu na kukutwa na kasoro. Baada ya hapo insha inarejea katika mafunzo ya mtandaoni na kuyatathmini kwa kipimo hicho hicho.

2.0 Sauti kutoka mbali: redio, kikundi na kitendo

Wazo la kuwafikia wahudumu wa pembezoni kutoka mbali halikuletwa na intaneti. Mwaka 1956, madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walilijadili katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, na mwaka uliofuata likazaliwa shirika lililokuja kufahamika kama AMREF. Ndege ilimpeleka daktari kwa mgonjwa, nayo redio ya mawasiliano ikaziunganisha hospitali za mbali na wataalamu waliokuwa Nairobi. Katika mpangilio huo ushauri ulitoka mbali, lakini uliingia moja kwa moja mahali pa kazi. Mhudumu aliyeuliza alikuwa na mgonjwa mbele yake, na jibu alilopewa alilitumia papo hapo.

Hatua kubwa zaidi ilifuata baada ya uhuru. Katika miaka ya mwanzo ya 1970, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilitumia redio na vikundi vya kusikiliza kuendesha kampeni za kitaifa za elimu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi katika nyanja ya afya. Kwa muda wa wiki 12, watu takriban milioni 2 walikutana katika vikundi, wakiongozwa na viongozi wapatao 75,000 waliokuwa wameandaliwa kwa kazi hiyo. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu cha Kiswahili chepesi, kikajadili, kisha kikaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani kuzunguka nyumba, kuchemsha maji.

Kwa vigezo vya mjadala wa leo, ni vigumu kuiweka kampeni hiyo katika kundi moja. Mwalimu mkuu alikuwa mbali, katika studio ya Dar es Salaam, na kwa hiyo yalikuwa mafunzo ya mbali. Hata hivyo wanafunzi walikaa pamoja, wakitazamana, wakiwa na kiongozi wao, na kwa hiyo yalikuwa pia mafunzo ya ana kwa ana. Mgawanyo huo haukuwa na maana kubwa kwa washiriki. Kilichokuwa na maana ni kwamba somo lilifanyika kijijini mwao na kitendo kilifuata hapo hapo, katika ua ule ule ambamo maradhi yalikuwa yakienea. Darasa na mahali pa kutendea vilikuwa kitu kimoja.

Mfano huo una mpaka wake, na ni vema uelezwe. Choo huweza kuchimbwa kwa siku kadhaa, na aliyekosea vipimo huanza upya. Kumpumulisha mtoto mchanga hakuruhusu hayo. Dharura ilihitaji mahali ambapo kosa lingeweza kufanywa na kusahihishwa bila mtu kudhurika. Mahali hapo palipatikana kwa njia nyingine kabisa, na mbali na Afrika Mashariki.

3.0 Mwanasesere na kozi fupi: asili ya mafunzo ya vitendo

Mwaka 1960, watafiti wa Marekani walichapisha maelezo ya namna ya kuurudisha mzunguko wa damu kwa kukandamiza kifua bila kukipasua. Katika kipindi hicho hicho, daktari Peter Safar alikuwa ameonesha ubora wa kumpumulisha mgonjwa kwa mdomo. Stadi hizo mbili zilikuwa rahisi kueleza lakini ngumu kufanyia mazoezi, kwa kuwa mtu mzima wa afya hawezi kukandamizwa kifua kwa nguvu inayotakiwa. Åsmund Laerdal, mtengenezaji wa vikaragosi vya watoto katika mji wa Stavanger nchini Norwe, alitengeneza mwanasesere wa ukubwa wa mtu mzima, Resusci Anne, kwa ajili ya mazoezi hayo. Tangu hapo mtu aliweza kukosea juu ya mwili usioumia.

Chimbuko la pili ni ajali. Februari 1976, ndege ndogo iliyorushwa na daktari wa mifupa James Styner ilianguka katika shamba moja huko Nebraska, Marekani. Mkewe alifariki, na watoto wao watatu kati ya wanne waliumia vibaya. Huduma waliyoipata katika hospitali ndogo ya karibu ilimfadhaisha Styner, akaona kuwa madaktari wa vijijini hawakuwa na utaratibu wa kumkabili majeruhi. Kozi iliyotokana na tukio hilo ilifundishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1978 katika mji wa Auburn, Nebraska, na mwaka 1980 Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Marekani kikaikubali na kuieneza.

Kutokana na machimbuko hayo mawili ulizaliwa muundo ambao hadi leo unatawala elimu ya dharura duniani: kozi ya siku chache, wanasesere, mkufunzi, mtihani wa vitendo na cheti. Muundo huo uliziba pengo la kweli. Hata hivyo, ulibeba dhana ambayo haikuhojiwa sana kwa muda mrefu, kwamba stadi ikishapatikana darasani, mwenyewe huibeba hadi kazini na hukaa nayo hadi itakapohitajika. Tanzania iliupokea muundo pamoja na dhana yake.

4.0 Dharura yapata idara: Tanzania baada ya 2010

Kwa miongo mingi baada ya uhuru, mgonjwa wa dharura katika hospitali nyingi nchini alipokelewa katika sehemu ya wagonjwa wa nje, na aliyemhudumia alikuwa mtumishi aliyekuwa zamu, bila mafunzo mahususi ya dharura. Mabadiliko makubwa yalikuja Januari 2010, pale Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofungua Idara ya Magonjwa ya Dharura kwa ufadhili wa Abbott Fund. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianzisha mafunzo ya ubingwa wa tiba ya dharura, na wahitimu wa kwanza wakapatikana mwaka 2013.

Ubingwa huo ulifuata njia ya kale zaidi ya elimu ya tiba: mwanafunzi kukaa miaka mitatu wodini, akimhudumia mgonjwa huku akitazamwa na aliyemtangulia. Hapa hapakuwa na umbali kati ya darasa na kazi, kwa kuwa kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa darasa. Udhaifu wake ulikuwa idadi. Idara moja haiwezi kuwapokea wauguzi, wakunga na matabibu wa nchi nzima, nao ndio wanaokutana na dharura kwanza.

Kwa hao wengi, njia iliyobaki ilikuwa kozi fupi. Kwa kawaida watumishi wachache huitwa makao makuu ya wilaya au mkoa, hukaa katika ukumbi kwa siku kadhaa, hulipwa posho, kisha hutarajiwa kurudi na kuwafundisha wenzao. Mpango huo una gharama zake zisizoandikwa katika bajeti. Zahanati yenye wauguzi wawili hubaki na mmoja. Anayeteuliwa kuhudhuria si lazima awe ndiye anayeshika zamu ya usiku. Na kadiri mafunzo yanavyoshuka kutoka mkufunzi hadi mkufunzi, vitendo hupungua na maelezo huongezeka, kwa kuwa wanasesere hubaki mkoani.

Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani kwa kushirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu lilitoa kozi ya Huduma ya Msingi ya Dharura, ambayo ilikuwa imejaribiwa Tanzania, Uganda na Zambia. Mwaka uliofuata, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio WHA72.16 kuhusu mifumo ya huduma za dharura. Elimu ya dharura ilikuwa sasa imepata nafasi katika sera za kimataifa. Lakini wakati azimio hilo likipitishwa, hospitali moja ya vijijini Tanzania ilikuwa imekwisha kutoa ushahidi uliotia shaka dhana ya msingi ya kozi fupi.

5.0 Haydom: kufaulu darasani, kutobadilika wodini

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianzishwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norwe, na uhusiano wake na nchi hiyo ulidumu. Kwa njia ya uhusiano huo, watafiti na wakufunzi kutoka Stavanger, mji ule ule wa Laerdal, walifanya kazi pamoja na watumishi wa Haydom katika programu ya Helping Babies Breathe, yaani Kuwasaidia Watoto Kupumua. Programu hiyo, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2010 chini ya uongozi wa Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, hufundisha jambo moja kwa umakini: mtoto asiyepumua asaidiwe ndani ya dakika ya kwanza, inayoitwa Dakika ya Dhahabu. Akaushwe, asuguliwe mgongo, na asipoanza kupumua apumulishwe kwa mfuko na barakoa. Vifaa vyake ni mwanasesere wa mtoto mchanga anayejazwa maji, na mabango yenye picha.

Matokeo ya kitaifa yalitia moyo. Utafiti uliofanyika katika hospitali nane za Tanzania na kuchapishwa na Msemo na wenzake mwaka 2013 ulionesha kuwa vifo vya watoto ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa vilipungua kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila watoto 1,000, sawa na upungufu wa asilimia 47. Watetezi wa mafunzo ya ana kwa ana wangeweza kuishia hapo.

Lakini Haydom ilikuwa na kitu ambacho hospitali nyingi hazikuwa nacho. Wasaidizi wa utafiti walikaa katika chumba cha kujifungulia, zamu baada ya zamu, wakiandika kilichotendwa kwa kila mtoto na muda kilipotendwa. Kwa sababu hiyo iliwezekana kulinganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida hupimwa kando kando: alichoweza mtumishi mbele ya mwanasesere, na alichofanya mbele ya mtoto.

Kozi ya siku moja ilitolewa Aprili 2010. Ersdal na wenzake, katika matokeo waliyochapisha mwaka 2013, waliripoti kuwa kabla ya kozi asilimia 18 tu ya watumishi walifaulu zoezi la kumhuisha mwanasesere, na miezi saba baada ya kozi waliofaulu walikuwa asilimia 74. Katika zoezi la huduma ya kawaida kwa mtoto aliyezaliwa salama, kufaulu kulipanda kutoka asilimia 41 hadi 74. Kwa kipimo cha mtihani, kozi ilikuwa imefanikiwa. Katika chumba cha kujifungulia hali ilikuwa tofauti. Idadi ya watoto waliofyonzwa majimaji na ya waliopumulishwa haikubadilika, na kusuguliwa kwa mtoto ili achochewe kupumua, hatua ambayo kozi iliisisitiza, kulipungua.

Matokeo hayo yanastahili kusomwa taratibu. Mafunzo yalikuwa ya ana kwa ana. Mwanasesere alikuwepo, na mkono ulishika mfuko. Na stadi haikupotea, kwa kuwa miezi saba baadaye watumishi bado walifaulu mtihani. Kilichoshindwa ni kile ambacho dhana ya kozi fupi ilikichukulia kuwa kinajiendesha chenyewe, yaani safari ya stadi kutoka darasani hadi wodini.

Sababu moja ni uchache wa tukio lenyewe. Takriban mtoto mmoja kati ya kumi huhitaji msaada wa aina fulani ili aanze kupumua, na wanaohitaji kupumulishwa ni wachache zaidi. Mkunga wa kituo kidogo anaweza kumaliza majuma bila kumkuta mtoto wa namna hiyo, na anapomkuta, mkono hurudia mazoea yake ya zamani. Sababu nyingine ni kwamba dharura si kazi ya mtu mmoja. Lazima mfuko uwe mahali unapofahamika, barakoa iwe ya kipimo sahihi, na mwenzake ajue la kufanya bila kuambiwa. Mtihani wa mtu mmoja mmoja ukumbini haupimi hayo.

Hatua iliyofuata ndiyo inayoipa Haydom nafasi yake katika historia hii. Kuanzia mwaka 2011, hospitali haikurefusha kozi wala kuwarudisha watumishi ukumbini. Mwanasesere alihamishiwa katika chumba cha kujifungulia. Kila wiki watumishi walifanya zoezi la dakika tatu hadi tano, na kila mwezi zoezi la dakika 40, wakiwa zamuni na wakitumia vifaa walivyovitumia kwa watoto. Mduma na wenzake waliripoti mwaka 2015 kuwa vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Jambo la kuzingatia zaidi ni mabadiliko ya vitendo: waliochochewa kupumua waliongezeka kutoka asilimia 14.5 hadi 16.3, na waliohitaji kupumulishwa wakapungua kutoka asilimia 7.3 hadi 5.9. Hatua za awali zilianza kufanywa kwa wakati, na huenda ndiyo maana watoto wachache zaidi walifikia hatua ya pili.

Tahadhari inahitajika. Utafiti huo ulilinganisha kipindi cha kabla na cha baada katika hospitali moja, na mabadiliko mengine ya wakati huo huenda yalichangia. Pingamizi hilo limepata jibu kwa kiasi kikubwa kutokana na mradi uliojengwa juu ya uzoefu wa Haydom. Mradi huo, wa Safer Births, ulipeleka mazoezi mafupi ya mara kwa mara pamoja na vifaa vya kujifunzia na kuhudumia katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Mikoa iliingizwa kwa awamu, kwa mpangilio wa kubahatisha, na matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Vifo vya watoto wakati wa uchungu au ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Mikoa ilitofautiana sana, jambo linaloonesha kuwa hata mpango mzuri hutegemea watu na mazingira ya kituo.

6.0 Skrini: kutoka UVIKO-19 hadi simu ya mfukoni

Machi 16, 2020, Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19. Vyuo vilifungwa, na mikusanyiko ya ukumbini ikawa hatari kwa wale wale ambao nchi iliwahitaji zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikuwa na jukwaa la OpenWHO tangu mwaka 2017, na Januari 2020 liliweka humo kozi yake ya kwanza kuhusu ugonjwa huo, ambayo baadaye ilipatikana katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Mikutano ya video kati ya wataalamu na vituo vya mbali iliongezeka, kwa kufuata miundo kama ule wa ECHO ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha New Mexico mwaka 2003.

Mafunzo hayo yalifanya kazi ambayo hakuna ukumbi ungeweza kuifanya wakati huo. Maarifa yaliyokuwa yakibadilika kila wiki yalimfikia mhudumu bila kungoja semina. Lakini sehemu kubwa yake ilirudia kasoro ya kozi fupi kwa sura nyingine. Mhudumu alisikiliza, akajibu maswali, akapata cheti, na mahali pa kazi pakabaki kama palivyokuwa. Palipokuwa na umbali wa kilomita kati ya ukumbi na wodi, sasa palikuwa na umbali wa aina nyingine: mtu anaweza kuwa ameketi wodini, simu mkononi, na bado somo likawa halijaigusa kazi iliyo mbele yake.

Si kila skrini iko mbali kiasi hicho. Programu ya simu ya Safe Delivery, iliyobuniwa Denmark, hubeba video fupi za vitendo vya kumhudumia mama na mtoto mchanga, ambazo mkunga anaweza kuzitazama bila mtandao, akiwa zamuni. Lund na wenzake waliijaribu Ethiopia katika vituo 73 na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Alama za maarifa na stadi za watumiaji zilipanda, na bado zilikuwa juu baada ya mwaka mmoja. Vifo vya watoto vilikuwa 14 kwa kila uzazi 1,000 kwa waliotumia programu, dhidi ya 23 kwa wasioitumia, ingawa tofauti hiyo haikufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu. Simu hiyo haikuwa na mkufunzi, lakini ilikuwa kituoni, na ilitazamwa tena na tena.

Mwelekeo wa karibuni wa kozi za dharura, ikiwemo Huduma ya Msingi ya Dharura, ni kuichanganya njia mbili: nadharia mtandaoni, vitendo ana kwa ana. Mpango huo unapunguza siku za mtumishi kuwa nje ya kituo. Hata hivyo, ukiishia katika mtihani wa mwisho wa ukumbini, utakuwa umefupisha kozi bila kuigusa hitilafu iliyofichuliwa Haydom.

7.0 Mjadala

Vipindi hivi vikiwekwa pamoja, mpangilio wao haufuati mstari kati ya mbali na ana kwa ana. Mtu ni Afya yalikuwa mafunzo ya mbali, nayo yalizaa vitendo. Kozi ya Aprili 2010 ilikuwa ya ana kwa ana, nayo haikubadilisha huduma kama ilivyotarajiwa. Zoezi la kila wiki katika chumba cha kujifungulia lilikuwa la ana kwa ana, na programu ya simu ya Ethiopia haikuwa hivyo, lakini zote mbili ziligusa kazi. Kinachoziunganisha njia zilizobadilisha vitendo ni mambo matatu. Kwanza, somo lilifika mahali ambapo kitendo kilihitajika. Pili, lilirudiwa kwa dozi ndogo, mara nyingi, hata mkono ukazoea. Tatu, liliwahusu watu wanaofanya kazi pamoja, au angalau vifaa wanavyovitumia pamoja. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hujazwa kazini.

Tafsiri hii haiyaondolei mafunzo ya ana kwa ana thamani yake. Mtu hawezi kujua kwa kutazama video kama barakoa imekaa vema usoni mwa mtoto. Lazima auhisi upinzani wa hewa mkononi mwake na auone mwinuko wa kifua, na mara ya kwanza lazima awepo mtu wa kumwambia kuwa amekosea. Wala haiyaondolei mafunzo ya mtandaoni thamani yake, kwa kuwa ndiyo yanayoweza kumpa mkunga wa mbali maarifa mapya kwa haraka, na kumsaidia mhamasishaji wa kituo kuendesha zoezi la wiki. Inachokataa ni desturi ya kuhesabu mafanikio kwa idadi ya waliohudhuria au ya vyeti vilivyotolewa. Takwimu hizo zinaweza kupanda mwaka hadi mwaka bila mtoto mmoja zaidi kupumua.

Kipo kikwazo cha kimaslahi kisichopaswa kunyamaziwa. Semina ya mjini huleta posho, na kwa mtumishi mwenye mshahara mdogo posho hiyo si jambo dogo. Zoezi la dakika tano wodini halileti chochote mfukoni, na pia halionekani vizuri katika ripoti kwa mfadhili. Mtandao nao una mvuto wake kwa wapanga bajeti, kwa sababu huhesabu maelfu ya washiriki kwa gharama ndogo. Hivyo njia mbili zinazoshindana kwa maneno zina watetezi wenye sababu zao, ilhali njia ya tatu, iliyopunguza vifo, haina mtetezi mwenye faida ya haraka. Katika mgawanyo wa fedha za mafunzo, jambo hili lina uzito kuliko ubora wa jukwaa lolote.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kuwa historia ya kuwaandaa watoa huduma za dharura nchini Tanzania haisomeki vema kama ushindani kati ya mkufunzi na skrini. Tangu redio ya mwaka 1973 hadi vituo 30 vya mikoa mitano, mafunzo yaliyoacha alama ni yale yaliyofupisha umbali kati ya darasa na wodi na kurudiwa hadi yakawa sehemu ya zamu. Haydom inabaki kuwa kielelezo chenye nguvu kwa sababu ilirekodi kushindwa kwa kozi yake kwa uaminifu ule ule ilioutumia kurekodi mafanikio yaliyofuata. Bila rekodi ya kwanza, ya pili isingekuwapo.

Kutokana na hayo, swali linalofaa kuulizwa na wapanga mafunzo si kama kozi ijayo itakuwa ya mtandaoni au ya ana kwa ana. Wanapaswa kuuliza mwanasesere atakaa wapi baada ya mkufunzi kuondoka, nani ataongoza zoezi la wiki inayofuata, na nani ataandika kilichotendwa kwa mtoto wa kwanza atakayezaliwa bila kulia. Utafiti zaidi unahitajika hasa katika zahanati na vituo vidogo, ambako uzazi ni wachache, dharura ni nadra, na kwa sababu hiyo mkono husahau upesi zaidi.